Kutoka Mapatano ya Lokiriama hadi Bajeti ya Lodwar: Vijana wa Turkana, Umoja wa Taifa na Utawala Bora

Mapatano ya Lokiriama yalifungwa mwaka 1973 kati ya Waturkana wa Kenya na Wamatheniko, tawi la Wakaramojong wanaoishi upande wa Moroto nchini Uganda. Lokiriama ni kituo kidogo cha mpakani katika eneo la Loima, magharibi ya mji wa Lodwar. Wazee wa pande zote mbili walikutana hapo, wakachinja, wakazika silaha ardhini na kukubaliana kwamba uvamizi wa mifugo kati yao umekoma. Mnara wa kumbukumbu umesimamishwa mahali hapo, na kila mwaka, aghalabu mwezi wa Septemba, wenyeji na viongozi wa nchi zote mbili hukutana kuyahuisha mapatano hayo.

Waliofunga mapatano walikuwa wazee, ila waliotakiwa kuyatii walikuwa vijana. Kijana ndiye aliyepeleka ng'ombe malishoni, ndiye aliyekwenda kuvamia na ndiye aliyezikwa uvamizi ulipokwenda mrama. Kwa sababu hiyo, historia ya Lokiriama ni historia ya vijana walioacha jambo lililowapa sifa na mahari. Swali linalofaa kuulizwa ni walipata nini badala yake.

Walichopata ni malisho. Wakati wa kiangazi nyasi na maji huisha upande wa Turkana mapema kuliko upande wa Karamoja, ambako nchi imeinuka na mvua ni nyingi zaidi. Mfugaji wa Loima asiyeweza kuvuka mpaka anahesabu mizoga. Uvamizi mmoja uliweza kuwaletea vijana wachache ng'ombe kadhaa, lakini ulifunga njia ya malisho kwa kila mtu. Amani, kwa hiyo, ilikuwa na thamani iliyohesabika kwa mifugo, na kila mwenye boma aliijua hesabu hiyo.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1979. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka, wanajeshi waliikimbia kambi ya Moroto, na Wamatheniko wakachukua bunduki nyingi kutoka ghala la silaha. Upande mmoja ukawa na nguvu ambayo mwenzake hakuwa nayo, na hata hivyo mapatano hayakuvunjika. Ukweli kamili una upande usiopendeza: bunduki hizo zilielekezwa kwa majirani wengine wa Karamoja, na undugu wa Waturkana na Wamatheniko ukawa pia ushirika wa vita dhidi ya watu wa tatu. Mapatano ya makabila mawili huleta amani ya makabila mawili tu. Jirani asiyekuwapo Lokiriama siku ya mapatano hakuhusika, na hapa ndipo mila inapohitaji kitu kipana kuliko yenyewe, yaani taifa lenye sheria inayomlinda hata yule ambaye hakualikwa.

Mpaka wa kusini unaonyesha kwamba taifa nalo lina upungufu wake. Waturkana na Wapokot ni raia wa nchi moja, wana katiba moja na wanampigia kura rais mmoja, lakini mapigano yao kandokando ya Kainuk, Turkwel na Kapedo yameua watu wengi zaidi kuliko yale ya mpaka wa kimataifa wa Lokiriama katika miaka ya karibuni. Ni ajabu kwamba mstari uliochorwa na wakoloni kati ya nchi mbili umevukwa kwa amani, huku mstari wa ndani ya nchi moja ukilindwa kwa risasi. Uraia wa pamoja peke yake haujatosha. Kule Lokiriama kila upande ulikuwa na kitu cha kupoteza endapo amani ingevunjika. Kapedo, kinachogombaniwa ni nani ataandikwa kuwa mwenyewe wa mahali, na jibu likipatikana mmoja anapata kila kitu.

Taifa lenyewe lilichelewa kufika Turkana. Chini ya wakoloni wilaya hii ilikuwa eneo lililofungwa, lisiloingiwa bila kibali, na serikali iliitumia kama mahali pa kuwatenga watu. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walifungwa Lokitaung, kisha Kenyatta akahamishiwa kizuizini Lodwar mwaka 1959 kabla ya kupelekwa Maralal mwaka 1961. Miongo mingi baada ya uhuru, msafiri aliyepanda gari kuelekea Kitale bado aliaga kwa kusema kwamba anakwenda Kenya. Maneno hayo yalichukuliwa kama mzaha, lakini yalikuwa na hoja ndani yake: barabara, hospitali na shule za sekondari zilikuwa huko alikokuwa akienda.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha hesabu hiyo. Ibara ya 203 inaagiza kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kanuni ya ugawaji huzingatia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Kaunti ya Turkana, iliyohesabiwa kuwa na watu 926,976 mwaka 2019, imekuwa miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mkubwa zaidi nchini. Tangu mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao huo umezidi shilingi bilioni 12 kwa mwaka. Matumizi ya fedha hizi huamuliwa Lodwar, makao makuu ya kaunti, na watu waliochaguliwa na wenyeji. Lawama iliyokuwa ikitupwa Nairobi kwa nusu karne imepata anwani ya karibu.

Pamoja na fedha, ugatuzi ulihamisha ugomvi. Pale ambapo karibu kila mpiga kura ni Mturkana, ukabila haukufa; ulishuka ngazi moja. Mgombea huhesabu kura kwa matawi ya Waturkana, kwa ukoo, kwa Turkana ya kaskazini dhidi ya ile ya kusini. Kisima hukumbukwa kwa ukoo wa mwakilishi wadi aliyekichimbisha, na basari hutazamwa kwa majina ya ukoo kabla ya alama za mtihani. Ubaguzi wa aina hii ni mgumu kuukemea kwa sababu wanaoufanya na wanaotendewa huzungumza lugha moja, na hotuba za umoja wa kitaifa hupita juu ya vichwa vyao zikiwa zimelenga makabila makubwa ya mbali.

Sheria za Kenya zimejaribu kuifunga milango ya ukabila mmoja baada ya mwingine, hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilihesabu vifo 1,133. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ibara ya 91 ya katiba inakataza chama cha siasa kujengwa juu ya kabila au dini, na Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza sharti linaloigusa Lodwar moja kwa moja: katika ajira za ngazi ya kuanzia, angalau asilimia 30 ya nafasi ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi katika kaunti.

Masharti haya yana faida, lakini yote yanahesabu makabila, si matawi wala koo. Ofisi inaweza kuitii sheria kikamilifu huku nafasi zilizobaki zikienda kwa ukoo mmoja. Kinga dhidi ya upendeleo wa aina hiyo iko kwenye vifungu vya fedha, vile vinavyomwezesha raia kujua nani amepewa nini.

Kijana anayetaka utawala bora kuliko upendeleo anahitaji kuijua kalenda ya bajeti. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, waraka wa mkakati wa fedha hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili. Kabla bunge hilo halijaipitisha bajeti ndipo maoni ya wananchi yana uzito. Baada ya hapo ni malalamiko. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali huwekwa wazi, kaunti kwa kaunti. Kijana wa Lorugum mwenye simu anaweza kulinganisha kile ripoti inachosema juu ya zahanati fulani na zahanati yenyewe ilivyo, na swali atakaloliuliza halitakuwa na ukoo.

Kinachokwaza ni umbali na namna vikao vinavyoendeshwa. Kikao cha maoni kikifanyika katika makao makuu ya wadi, saa nne asubuhi, kwa hati ya Kiingereza ya kurasa mia kadhaa, kijana aliye na mbuzi mlimani amekwisha kutengwa bila mtu yeyote kumfukuza. Wanaofika ni walewale, na mara nyingine posho ya kikao ndiyo inayowaleta. Ushirikishwaji wa namna hiyo huzaa saini nyingi na maarifa machache.

Mafuta yalileta funzo jingine. Yaligunduliwa mwezi Machi 2012 katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar. Usafirishaji wa majaribio kwa malori ulipoanza Juni 2018, wakazi walizuia barabara kwa wiki kadhaa wakidai usalama, ajira na zabuni, na malori yakarejea barabarani mwezi Agosti baada ya mazungumzo. Madai yalikuwa ya utawala: nani analindwa, nani anaajiriwa, mkataba unasema nini. Sheria ya Petroli ya 2019 ikaja kugawa sehemu ya serikali ya faida ya mafuta: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Asilimia hiyo 5 ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Jamii ya mahali ni nani: kijiji cha karibu na kisima, wadi nzima, Turkana Kusini yote, au na jirani wa Pokot anayedai mpaka umewekwa pasipostahili? Vijana wakisubiri fedha zifike ndipo waulize, watajibiwa na wenye bunduki au wenye pesa. Mahali pa kuuliza ni sasa, fedha zikiwa bado kwenye makaratasi.

Kakuma, ndani ya Turkana hiyohiyo, inalijaribu wazo lote la umoja kwa namna nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa mwaka 2016. Watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko wanaishi humo, katikati ya wenyeji ambao wengi wao ni maskini. Ugomvi wa kuni na maji umekuwapo tangu mwanzo. Biashara pia imekuwapo: kuni na makaa ya Waturkana kwa unga na bidhaa za madukani, na Kiswahili kikiwa lugha ya soko. Mwanariadha Tegla Loroupe, Mpokot aliyeanzisha wakfu wa amani mwaka 2003 na kuandaa mbio za kuwakutanisha vijana wa jamii zinazopigana, aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ikiwa na wakimbiaji watano waliotoka Kakuma. Sifa anazopata ni za haki, ingawa mbio hudumu siku moja na kisima kinagombaniwa mwaka mzima. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 ili kuzigeuza kambi kuwa makazi yanayohudumia wakimbizi na wenyeji pamoja, utapimwa kwa visima na madarasa.

Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalionyesha kwamba kizazi kipya cha Kenya kinaweza kudai hesabu bila kuuliza jina la ukoo. Vijana walijitangaza kuwa hawana kabila wala kiongozi, na mswada ukaondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni na wengine kuuawa. Hata hivyo, wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 tu ya wapiga kura walioandikishwa mwaka 2022, pungufu kuliko mwaka 2017. Mgombea wa kikabila hamwogopi kijana asiye na kura.

Upande wa mpaka, serikali zimejaribu kuyavika mapatano ya wazee vazi la dola. Tarehe 12 Septemba 2019, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walishuhudia mjini Moroto kutiwa saini kwa makubaliano ya amani na maendeleo yanayozihusu Turkana, Pokot Magharibi na Karamoja. Machi 2022 wataalamu watatu wa madini waliuawa Karamoja, Waturkana wakalaumiwa, na Mei 2023 Museveni akatoa amri kwamba wafugaji wa Turkana wasalimishe bunduki ndani ya miezi sita au waondoke Uganda. Kosa la wachache liligeuzwa kuwa hatia ya kabila zima, na mfugaji aliyeyaheshimu mapatano ya 1973 maisha yake yote akahesabiwa pamoja na mhalifu.

Kwa vijana wa Lokiriama, sharti la kwanza la uraia ni la kalenda. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Agosti ni kiangazi. Mvua ikiwa imekuwa haba, wenye mifugo huwa wako ng'ambo ya mpaka, kwenye malisho waliyohakikishiwa na mapatano yaleyale. Uandikishaji unaowafuata kwenye kambi za malisho kabla hawajavuka, na vituo vya kura karibu na njia za kurudi, vinapangwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka pamoja na maofisa wake wa kaunti. Ombi la kuvitaka linaweza kuandikwa na kundi lolote la vijana wa wadi na kupelekwa Lodwar.