Hati kuukuu za bima na ardhi iliyochafuliwa

Leo twaitazama miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na jambo linaloweza kudhaniwa kuwa ni la makarani tu: hati kuukuu za bima.

Katika kitongoji cha St. Louis Park, kinachopakana na Minneapolis, kampuni ya Reilly ilichakata lami ya makaa ya mawe na kutia mbao dawa tangu mwaka 1917 hadi 1972. Mabaki yake yalizama ardhini. Kuanzia mwaka 1978 visima vya maji ya kunywa vya mji huo vikafungwa, kimoja baada ya kingine. Ndiyo desturi ya sumu: humwagwa zama za babu, ikagunduliwa zama za mjukuu. Je, nani alipe?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980, maarufu kwa jina la Superfund, na ile ya jimbo la Minnesota ya mwaka 1983, zamtaka aliyechafua alipe. Lakini sheria ya shirikisho yaweza pia kumfuata anayeimiliki ardhi sasa, ijapokuwa hakumwaga hata tone. Jambo hili lawagusa ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki waishio katika miji hiyo, wanunuao ghala la zamani, karakana au duka ili kufungua biashara au nyumba ya ibada. Gharama ya kusafisha udongo na maji yaweza kuipita thamani ya kiwanja chenyewe.

Hapo ndipo hati kuukuu zinapoingia. Kwa miaka mingi, kampuni za Marekani zilikata bima ya dhima, yaani bima inayolipa pale mwenye biashara anapowadhuru wengine au mali yao. Hati nyingi za zamani zilitazama wakati madhara yalipotokea. Siku ya kugunduliwa haikuwa na uzito. Basi hati ya mwaka 1965, ingawa muda wake ulikwisha zamani, yaweza bado kudaiwa leo kwa madhara yaliyotokea mwaka ule.

Kampuni za bima hazikukubali kwa urahisi. Zilidai kwamba gharama ya kusafisha ardhi kwa amri ya serikali si fidia ya madhara. Kampuni ya 3M, yenye makao yake kando ya Saint Paul, ilishindana nazo, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaamua kwamba gharama hizo ni fidia inayoingia katika bima.

Likabaki swali la mgawanyo. Mwaka 1994, katika shauri la kampuni ya umeme ya Northern States Power, mahakama hiyo iliamua kwamba pale uchafuzi unapoendelea kwa miaka mingi, gharama igawanywe kwa miaka. Shauri la Domtar, la mwaka 1997, likaonyesha kwamba mwaka usio na bima humwangukia mwenye dhima mwenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Uchafuzi umeendelea miaka 40, na gharama ni dola 1,000,000. Kila mwaka wabeba dola 25,000. Mwenye hati za miaka 10 aweza kudai dola 250,000. Akipata ushahidi wa miaka mingine 10, dai lake laongezeka maradufu. Karatasi moja iliyoliwa na mchwa, msikilizaji, ni dola 25,000 zilizoliwa na mchwa.

Tena kuna mitego. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970, hati nyingi ziliuondoa uchafuzi katika bima, isipokuwa ule wa ghafla na wa ajali. Na kuanzia miaka ya katikati ya 1980 hati za kawaida ziliufungia mlango karibu wote. Hata hivyo, katika St. Louis Park hiyohiyo, kampuni ya SCSC iliyowauzia madobi dawa ya kusafishia nguo ilionyesha kwamba dawa ilimwagika kwa ajali mwaka 1977. Mahakama iliamua mwaka 1995 kwamba bima za mwaka huo ndizo zibebe mzigo.

Jimbo lenyewe lilifuata njia hiyo. Mwaka 1994 lilipitisha sheria ya kuyatunza majaa ya taka yaliyofungwa, na mwaka 1996 likajipatia uwezo wa kuzidai kampuni za bima zilizowakatia bima wenye dhima ya majaa hayo.

Na hati ikipotea? Wapo wataalamu ambao kazi yao ni kuzichimbua. Hupekua madaftari ya hesabu, vishina vya hundi, kumbukumbu za mikutano, barua za mawakala, na mikataba ya serikali iliyodai uthibitisho wa bima. Mnunuzi wa kiwanja naye ajue kwamba harithi bima ya muuzaji kwa kununua ardhi pekee. Lakini akimdai aliyechafua, bima ya zamani ya mchafuzi huyo ndiyo huenda ikawa mfuko pekee wenye kitu. Na aulize kabla ya kutia saini.

Kwetu nyumbani nako swali la nani alipe limekwisha kubisha hodi. Mwaka 2020, mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, na shauri likaendelea hadi katika mahakama za rufani. Kushinda kesi ni jambo moja. Kumpata mwenye fedha za kulipa ni jambo jingine.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayefunga biashara, anayeirithi au anayeinunua, asizichome karatasi za bima kwa kuwa tarehe zake zimepita. Huenda siku moja zikalipia maji safi ya mtaa mzima.