Barua Mbili za Fakilte ya Udaktari

Tufungue Luka 14, kuanzia mstari wa 28. Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi, anahesabu gharama, aone kama ana vya kumalizia. Angalieni: hajasimama, ameketi.

Juma lililopita papa na mama wa kanisa letu walinijia pamoja na binti yao. Amepata diploma ya Serikali kwa asilimia nzuri, na vyuo viwili vimemkubali katika fakilte ya udaktari. Barua moja imetoka UCB, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Nyingine imetoka UEA, chuo cha Kiinjili, chetu sisi Waprotestanti. Nyumba nzima imefunga siku tatu wakingoja ishara, na ishara haikuja. Kisha mama mmoja katika chumba cha maombi akatoa neno, kwamba barua ya Wakatoliki ni njia ya kurudi Misri. Hapo ndipo nyumba ikagawanyika. Wameniruhusu niseme habari hii bila majina, maana najua si nyumba yao peke yake.

Mimi ni Mpentekoste, siwezi kudharau unabii. Lakini Paulo, katika 1 Wathesalonike 5, baada tu ya kukataza kudharau unabii, anatuamuru tupime mambo yote. Haya, tupime. Danieli na wenzake walisomeshwa miaka mitatu katika nyumba ya mfalme wa Babeli, na Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa akili katika vitabu vile. Walikataa chakula cha mfalme, masomo hawakuyakataa. (Simwiti mtu yeyote Babeli, ndugu zetu Wakatoliki wanisamehe. Nasema tu: ikiwa hata kule Mungu alikuwa pamoja nao, tunaogopa nini hapa?)

Mnamjua Daktari Mukwege. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste hapahapa Bukavu. Udaktari aliusomea Bujumbura, akamaliza mwaka 1983, akaja kufanya kazi Lemera. Huko aliona akina mama wakifika wakiwa karibu kufa kwa ajili ya uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza kuwatibu, kisha akarudi. Hospitali ya Panzi ilianza mwaka 1999, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya amani ya Nobeli. Je, kuna aliyeuliza Bujumbura ni chuo cha dini gani?

Tena yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mchanga kitovu chake kiliingiwa na ugonjwa, na zahanati ya Wakatoliki ilikataa kumpokea kwa sababu ni mtoto wa Mprotestanti. Mmisionari mmoja mwanamke kutoka Sweden alikwenda kuwasihi, ndipo akapewa dawa, akapona. Mlango ule ungebaki umefungwa, leo tusingekuwa na Panzi. Sasa wao wanamfungulia binti yetu mlango kwa barua yenye muhuri, na sisi ndio tunataka kuufunga?

Kuna wanaosema, baba mchungaji, basi tuweke ngozi kama Gideoni, au tupige kura. Mitume walipiga kura kumtafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, Matendo 1. Baada ya Pentekoste hatusomi tena kwamba walipiga kura. Katika sura ya 15 waliketi, wakabishana, wakasikilizana, kisha wakaandika kwamba jambo hilo limempendeza Roho Mtakatifu na wao pia. Wenye Roho waliketi mezani.

Basi na sisi tukaketi. Nikamuuliza papa: utalipa na nini? Akasema atauza shamba. Papa, shamba linauzwa mara moja, minervali inarudi kila mwaka. Udaktari ni miaka sita au zaidi, na minervali si yote: kuna nyumba ya kupanga, chakula, bluzi nyeupe, fotokopi, pikipiki ya asubuhi mvua ikinyesha. Wako wadogo wanne nyuma yake wanaokula katika shamba hilohilo. Mwanafunzi anayefukuzwa katika mwaka wa tatu kwa kukosa pesa ndiye yule mjenzi wa Luka 14, mnara umesimama nusu na wapita njia wanacheka.

Kisha nikamuuliza binti. Siku tatu za kufunga, na hakuna aliyemuuliza! Kumbe alikuwa ameisha kwenda kuongea na wanafunzi wa pande zote mbili. Aliniambia wa UEA wanajifunzia Panzi, wa UCB katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya mkoa, na pote wagonjwa ni wengi na kazi ya kujifunza ipo. Katika hilo hakuona pa kupoteza. Lakini shangazi yake anakaa mahali ambapo angeweza kwenda UCB kwa miguu, na amekubali kumpa kitanda na chakula mpaka amalize. Amelisema hilo kwa sauti ndogo, akimtazama mama yake.

Mimi nikasema: kwa hesabu hiyo, aende UCB. Shangazi angekuwa anakaa Panzi, ningesema UEA. Najua wengine hawatafurahi kusikia hivyo kutoka kinywa cha mchungaji wao. Na yule mama aliyetoa neno nimeongea naye kwa heshima, ni mwombaji wa kweli, asisemwe vibaya barabarani.

Lakini binti huyu akija ibadani siku ya Jumapili, mtu asimtazame kama aliyeasi. Aimbe katika kwaya kama kawaida. Ninyi vijana wengine wenye barua mbili, au wenye moja tu na hamna pesa, njoni Jumatano saa tisa, wazee watakaa pamoja na wazazi wenu na karatasi na kalamu. Tutaomba kwanza, kisha tutahesabu. Na wewe papa, tafadhali, usimpokee mnunuzi wa shamba kabla ya Jumatano.