MAZUNGUMZO KUHUSU PETROLI KATIKA MAJI YA VISIMA

Ndugu watumishi na wakazi wa Ng'ambo, Tabora: bomba likikauka, ndoo hurudi kisimani. Tangi la petroli lililozikwa likivuja, kiungo kiitwacho MTBE, pale kilipotiwa, huyeyuka majini na kusafiri mbali kuliko mafuta yenyewe. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, Marekani, ulifunga visima kwa sababu hiyo. Wapo bakteria wa ardhini wanaokila kiungo hicho hadi kibaki hewa ya ukaa na maji. Lakini huhitaji oksijeni, na penye petroli nyingi oksijeni huishia kwa bakteria wengine. Ndipo kazi huchukua miaka. Maji yanayonuka petroli yasinywewe. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakutoshi kuyafanya salama. Afisa afya wa kata aarifiwe siku hiyo hiyo.