Kisima, Bwawa na Bomba
Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Isevya, Tabora



Tumeombwa tuzungumze juu ya mabadiliko ya tabianchi na maji. Neno “tabianchi” ni geni masikioni mwa wengi wetu, lakini jambo lenyewe tunalijua. Ni mvua iliyotazamiwa Novemba ikaja Desemba, ikanyesha siku mbili kama iliyofunguliwa mlango, kisha ikanyamaza wiki tatu mahindi yakiwa ndiyo kwanza yameota.

Tuanze na njia, maana mji wetu ulizaliwa na misafara. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, walikuwa wamefuata njia ambayo Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameikanyaga miaka mingi kabla yao. Njia hiyo haikunyoka. Ilipinda kufuata maji. Kati ya Ugogo na Unyanyembe, upande wa Itigi na Manyoni ya leo, kulikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, na hapo misafara ilikwenda mwendo ulioitwa tirikeza: wapagazi walijaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala porini pasipo maji, wakakifikia kisima kesho yake. Tuwafikirie wapagazi wale. Aliyekuwa na pembe ya ndovu begani hakuwa na nafasi ya kujibebea maji mengi. Kiu ya safari ilikuwa ya wote, lakini haikuwa sawa kwa wote.

Kwa miaka mingi mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Bwawa ni kitu chema, lakini kwetu lina adui juu na adui chini. Jua la Tabora hunyonya kutoka usoni mwa bwawa maji mengi kuliko yale yanayotiwa pale na mvua ya mwaka, hivyo bwawa haliishi kwa mvua inayoliangukia lenyewe bali kwa ile inayoshuka kutoka ardhi inayolizunguka. Na ardhi hiyo ikivuliwa miti kwa mkaa, au kwa kuni za kukaushia tumbaku, inateremsha maji pamoja na udongo, na udongo haurudi ulikotoka. Bwawa linajaa tope kutoka chini huku likikauka kutoka juu.

Ndipo likaja bomba la Ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ulizinduliwa rasmi mradi wa kuleta maji Tabora, Nzega na Igunga kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, katika chanzo kilichokuwa tayari kinahudumia Kahama na Shinyanga. Tunashukuru, na tunashukuru kwa dhati. Akina mama waliokuwa wakiamka usiku wa manane kupanga ndoo wanajua tunasema nini. Lakini Tume ya Haki na Amani haikuundwa ili kushukuru tu, na kuna mambo ambayo shangwe ya uzinduzi iliyapita haraka.

La kwanza ni kwamba ziwa nalo ni mvua. Watu wengi hudhani Ziwa Viktoria linalishwa na mito. Sivyo, takriban sehemu nne kati ya tano za maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, kwa sababu ya ukame na kwa sababu maji mengi yaliachiwa kupita katika mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda. Mwezi Mei 2020 likapanda hadi kuvuka kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kimewahamisha watu wengi wa mwambao, na mwaka 2024 likapanda tena zaidi. Aliyeunganishwa na ziwa hajaachana na mvua. Ameunganishwa na mvua ya mahali pengine. Tena maji hayo hayatujii kwa kuteremka. Ziwa liko chini kuliko Tabora, kwa hiyo husukumwa kwa pampu, na pampu huendeshwa kwa umeme.

Wataalamu wanatueleza kwa nini mvua imekuwa na tabia hii. Kila joto linapoongezeka nyuzi moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa hiyo huchukua muda mrefu kushiba, ndiyo maana ya siku nyingi za jua kali; ikishashiba humwaga kwa mkupuo. Mvua ya mwaka mzima yaweza kufikia kipimo kilekile cha zamani na bado mkulima akakosa mavuno, na kisima kisijae, kwa kuwa maji ya mkupuo hukimbilia mtoni kabla ardhi haijayanywa. Moshi ulioipasha dunia joto haukutoka Isevya. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya ulimwengu. Mambo haya Baba Mtakatifu Fransisko aliyaeleza katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, na humo akafundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa sababu uhai hauwezekani bila maji. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuitambua haki hiyo mwezi Julai 2010.

La pili linatuhusu sisi wenyewe, wala hatuwezi kulipeleka Ulaya. Bomba lile lilijengwa kwa mkopo kutoka India, wa dola za Marekani zipatazo milioni 268. Mkopo wa serikali hulipwa na taifa zima. Mjane anayenunua chumvi na sabuni anachangia kuulipa, awe na bomba uani au asiwe nalo. Sasa tupige hesabu ndogo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mama anayeuziwa dumu kwa shilingi 50 anailipia uniti shilingi 2,500. Akiuziwa kwa shilingi 100, anailipia shilingi 5,000. Kila mmoja wenu mwenye ankara ya maji nyumbani aitoe leo jioni, aitazame bei ya uniti, ailinganishe. Mara nyingi mtaona kwamba asiye na uwezo wa kuvuta bomba analipa zaidi, kwa maji yaleyale, na isitoshe anayabeba kichwani. Baadhi ya wanaomuuzia ni waamini wenzetu, na tunalisema hili bila kumtaja mtu. Kuuza maji si dhambi, maana ankara hulipwa; lakini kupandisha bei siku ambayo bomba la jirani limekatika ni jambo la kupelekwa maungamoni.

La tatu ni visima. Tangu bomba lifike, watu wameanza kuvisahau visima, na wengine hutupia taka humo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma kwamba Wafilisti walikuwa wamevifukia visima vya Abrahamu, na Isaka akavichimba upya na kuviita kwa majina yaleyale aliyovipa baba yake. Wafilisti walifukia vya adui. Sisi twafukia vyetu. Ardhi yetu ni ya mwamba wa matale, na maji ya visima vifupi hukaa katika tabaka la mwamba uliooza lililo juu ya ule mgumu. Tabaka hilo si nene. Hupokea mvua upesi na hupokea uchafu upesi vilevile. Kwa hiyo kisima kilicho karibu na choo cha shimo kisitumike kwa kunywa, lakini chaweza kumwagilia bustani na kufulia, na siku pampu zikisimama kitatufaa.

Linabaki paa. Tabora hupata mvua ya milimita zipatazo 900 kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 50 linapokea lita 45,000. Tukitoa zinazopotea, hazipungui 36,000. Familia ya watu watano inayotumia lita 100 kwa siku inahitaji lita 18,000 kuvuka kiangazi cha miezi sita. Maji yapo, linalokosekana ni tangi, na tangi la ukubwa huo familia nyingi haziliwezi. Paa la kanisa la mita za mraba 400 laweza kukinga lita 288,000, na tangi la pamoja jumuiya zaweza kulichangia.

Tunaomba basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijadili mambo mawili na kuleta majibu kwa Halmashauri ya Walei kabla ya mwisho wa Septemba: ni visima vipi katika eneo lake vinavyoweza kusafishwa na kufunikwa, na nani atashika ufunguo wa tangi la kanisa likijengwa. Hilo la pili tulione kuwa gumu kuliko la fedha. Tungependa ufunguo ushikwe na akina mama wasiopungua wawili, wa jumuiya tofauti, na kitabu cha hesabu kisomwe hadharani kila mwezi. Michirizi lazima iwe imefungwa Oktoba, na mvua za kwanza tuziache zioshe paa kabla ya kuanza kukinga.