Pitisha Kiganja Nyuma ya Tairi



Geuza kandambili zako za siku zote uangalie soli. Bila shaka utakuta kisigino kimoja kimelika kuliko kingine, au ukingo wa nje umekwisha huku wa ndani bado mzima. Hakuna anayezilaumu kandambili kwa hilo. Tunajua ni mwendo wa mwenye nazo. Lakini tairi la gari likilika upande mmoja tunasema tairi siku hizi ni feki, tunailaumu barabara, kisha tunakwenda kununua jingine na kulifunga palepale.

Leo nasema na ninyi mlioshusha magari yenu. Sisemi mmekosea. Gari lililokaa chini linapendeza, na uzito ukishuka linatulia zaidi kwenye kona. Ninachosema ni kwamba siku ulipolishusha uliugeuza mwendo wake, na tairi litakueleza kama kazi ile ilimaliziwa au iliachwa njiani.

Mpwa wangu alinijia na Subaru Impreza aliyoishusha karibu sentimita 5. "Mjomba," akasema, "gari linavuma, na usukani unavuta kushoto." Nikayatazama matairi ya mbele. Kwa nje yalikuwa safi, kashata zimesimama vizuri. Nikamwambia akate usukani hadi mwisho, nikainama na kupitisha mkono nyuma ya tairi. Vidole vyangu vikachomwa na waya. Upande wa ndani, upana wa vidole viwili, mpira ulikuwa umekwisha na nyuzi za chuma zimetokeza. Nikahamia upande wa pili, hali ni ileile. Jana yake alikuwa ametoka nalo Morogoro, mvua ikinyesha, wanawe wawili wamekaa nyuma.

Hapo ndipo penye hatari, msikilizaji. Gari lililoshushwa hula tairi mahali ambapo jicho halifiki. Ukisimama kando unaona tairi jipya, kumbe ndani limebaki kovu.

Kwa nini iwe ndani? Magari mengi madogo tunayoyaendesha yana mguu wa mbele wa aina moja: shokapu imesimama katikati ya springi, na chini yake kuna mkono unaolishika tairi, ambao mafundi wengi huuita wishibon. Ukilishusha gari, ncha ya nje ya mkono ule hupanda, na tairi huinama, kichwa chake kikielekea ndani. Mwinamo huo ndio kemba. Wakati huohuo fimbo ya usukani, ile inayoishia kwenye tairodi, nayo hupanda, lakini haipandi kwa tao moja na mkono. Kwa hiyo uso wa tairi hugeuka, ama kutazama nje kama miguu ya bata, ama kutazama ndani. Hiyo ndiyo tou.

Wengi huilaumu kemba kwa sababu ndiyo inayoonekana. Kemba huonyesha mahali pa kula, ila yenye njaa ni tou. Fanya hesabu hii. Tairi likipinda digrii 1 tu kutoka kwenye mwelekeo wa safari, katika kila kilomita linaburutwa ubavu kiasi cha mita 17 na nusu. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Maana yake tairi hilo limesuguliwa kwenye lami, kwa ubavu, zaidi ya kilomita 3 katika safari moja. Na kama kemba imelilaza upande wa ndani, msuguo wote huo unabebwa na ukingo mwembamba. Hakuna tairi duniani litakalovumilia hayo, liwe la bei gani.

Basi kabla ya kulaumu, soma tairi. Anza na upepo, asubuhi, gari likiwa limelala na matairi yamepoa. Tairi lililolika kingo zote mbili limekosa upepo, na lililolika katikati limejazwa kupita kiasi. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata, kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, tairi linaburutwa. Hiyo ni tou. Kama kiganja kinapanda na kushuka, mabonde na vilima kuzunguka tairi, shokapu zimechoka na tairi linadunda barabarani.

Hilo la mwisho nalikuta zaidi kwenye magari yaliyoshushwa kwa kukata springi kwa grenda. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, na shokapu ya kiwandani inabaki kufanya kazi karibu na mwisho wa safari yake. Kila tuta inagonga. Na gari likiinuliwa kwa jeki, springi hiyo inaweza kulegea na kutoka kwenye kiti chake. Ndugu yangu, kama unataka gari chini, tafuta springi zilizotengenezwa kwa urefu huo pamoja na shokapu zake. Usikate.

Kisha linganisha pande mbili. Matairi ya kushoto na kulia yakilika sawasawa, kama ya mpwa wangu, pembe zimehama kwa sababu ya kushusha. Likilika moja peke yake, hapo kuna kitu kimepinda au kimechoka: pengine gari liliwahi kuingia shimo, pengine bushi imepasuka. Liinue kwa jeki, liwekee stendi, ushike tairi juu na chini ulitikise, halafu ulishike kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazama bolijointi na beringi. Likicheza kushoto na kulia, anza na tairodi. Hivyo vibadilishwe kwanza, alaimenti ije mwisho. Kupima pembe za gari lenye bushi mbovu ni kupima nguo kwenye mwili usiotulia.

Na hapa nawaomba mafundi. Ukifunga bushi mpya za mpira, usizikaze gari likiwa juu ya jeki, miguu imening'inia. Mpira utajisokota gari likishuka, na utachanika mapema. Kwanza mguu ubebe uzito kama utakavyosimama barabarani, ndipo ukaze. Mwenye gari hatakuona ukifanya hivyo, lakini bushi zake zitakaa.

Kwenye alaimenti, dai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, magurudumu yote manne. Kwenye Impreza kama ya mpwa wangu, bolti ya juu inayofunga mguu wa shokapu ya mbele imetengenezwa maalumu: ukiizungusha, tairi linainama au linasimama. Nyuma, kemba haina bolti ya namna hiyo kutoka kiwandani. Inahitaji mikono ya kurekebisha, nayo hununuliwa kando. Fundi akikuambia nyuma "hakurekebishiki," muulize kama ana maana haiwezekani kabisa, au kifaa chake hakijanunuliwa.

Mpwa wangu hakulipandisha gari lake. Limebaki chini, na bado analipenda. Alitengeneza miguu kwanza, akapima, ndipo akanunua matairi mawili. Karatasi ya vipimo anayo ndani ya gari, na kila mwezi anapitisha kiganja.

Nawe fanya hivyo jioni ya leo. Kata usukani hadi mwisho, inama, pitisha mkono nyuma ya tairi, polepole usije ukachomwa na waya. Ndani ya mitaro ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Mpira wa juu ukishuka hadi usawa wa vinundu hivyo, umebakiwa na milimita 1.6, na tairi hilo halifai safari. Kisha kata upande wa pili.

Matairi ya nyuma hayageuki. Kwa hayo itabidi utandike gunia, ulale chini kwa tochi. Lala tu, usione haya. Juu ya matairi hayo ndipo watoto wanapokaa.