Sanamu Huungwa, Mnyama Haungwi



Leo tuzungumze juu ya sanamu za wanyama. Mtu akitoka shamba akaingia mjini Unguja, akapita mitaa ya Kikwajuni, huona sanamu za wanyama nje ya nyumba za watu. Wapo wanaozipenda. Wapo wasiozitaka, kwa kuwa wanasema dini haikubali mfano wa kiumbe chenye roho. Hilo tuwaachie masheikh wetu. Mimi nina neno jingine.

Fundi wa sanamu hukunja nondo na waya, zikawa kama mifupa. Halafu hukandika saruji na mchanga. Ikikauka, huipaka rangi. Mguu ukivunjika hukoroga saruji nyingine, akaunga. Kazi imekwisha.

Sasa tujiulize: watu hupenda sanamu ya mnyama gani? Katika nchi yetu wengi hupenda simba. Lakini simba si mnyama wa Unguja. Twiga na tembo pia ni wa bara. Je, sisi wa Unguja tuna nani? Nitawataja watatu: chui, paa nunga na kima punju.

Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko yule wa bara. Watu walimwogopa kwa sababu alikamata mbuzi na kuku wao. Tena ilisemwa kuwa wachawi humfuga na kumtuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kupambana na wachawi, na chui wakauawa kwa wingi. Misitu nayo ilikatwa kwa kuni na mashamba. Katika miaka ya 1990 wataalamu walimtafuta, wakapata habari zake tu, yeye mwenyewe wasimwone. Chui aliyejulikana na wengi ni yule wa jumba la makumbusho, Mnazi Mmoja, karibu na Kikwajuni. Huyo alikuwa amekufa, akajazwa, akasimamishwa watu wamtazame. Naam, chui wetu amekuwa sanamu!

Paa nunga naye anafuata njia ile ile. Mwaka 1983 ilikisiwa kuwa wapo kama 5,000 hapa Unguja. Mwaka 1999 walikisiwa kuwa kama 600 tu. Walimalizwa na nyavu, mbwa wa kuwindia na shoka la mkata miti.

Lakini msikate tamaa. Mtazameni kima punju. Huyu asili yake ni Unguja tu. Wakulima humlalamikia kwa kula mazao yao, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo alilindwa. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa. Barabara ya Jozani iliwekwa matuta, magari yapunguze mwendo yasimgonge. Wageni huja kumwona, na sehemu ya fedha wanazolipa hurudi vijijini. Matokeo ya hesabu yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa wapo zaidi ya 5,800. Kumbe tukitaka, tunaweza.

Ndugu zangu, anayetaka kupamba nje ya nyumba yake na apambe. Ila tukumbuke jambo moja. Sanamu ikivunjika, mfuko wa saruji unatosha. Mnyama akimalizika, hakuna fundi wa kumkoroga tena.

Nawaachia kazi. Mkirudi nyumbani, waulizeni wazee ni wanyama gani walioonekana kijijini kwenu zamani. Andikeni majina yao katika daftari. Kisha wekeni alama mbele ya wale ambao mtoto wa leo bado anaweza kuwaona. Someni orodha hiyo mbele ya wenzenu, mshauriane. Wasio na alama wakiwa wengi, basi msichelewe kuwalinda waliobaki.