Muhuri wa mwenyekiti si hati!

(Mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya wapangaji)

Mimi si wakili. Nimeishia kidato cha nne na ninakula kwa kalamu. Sheria nimezisoma kwa sababu ya kilichotokea nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Fundi cherehani mmoja alidunduliza miaka kumi na moja akanunua nyumba ya vyumba vitatu. Waliuziana ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakatia dole gumba, muhuri ukagongwa, mwenyekiti akachukua asilimia kumi yake. Pilau likapikwa. Wiki ya pili akatokea mama na watoto wanne, katoka kijijini kumuuguza mzazi wake, ufunguo mkononi. "Kaka, nani kakuuzia nyumba yangu?" Aliyeuza ni mumewe, na simu yake haipatikani mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Akiuza kinyemela, mnunuzi anaipata nyumba pamoja na haki ya yule mwenza kuendelea kuishi humo hadi ndoa ivunjwe, au mahakama iamue vinginevyo. Yaani fundi wetu kanunua nyumba na familia ya mtu ndani yake! Msicheke. Jamaa analala kibandani, chini ya cherehani.

Upo mlango mmoja wa kutokea: mnunuzi aithibitishie mahakama kwamba hakujua, na hata angechunguza inavyopasa asingejua. Je, fundi alichunguza? Mtaa mzima unamjua yule mama! Angemuuliza muuza mkaa wa jirani tu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 nayo inapita njia hiyo hiyo: ambalo ungelijua kwa kuulizia ipasavyo, huwezi kujitetea kwamba hukulijua. Sheria inamlinda mnunuzi aliyeuliza kabla ya kutoa fedha.

Nyumba ikiwa na hati miliki, nenda kwa Msajili wa Hati, lipa ada, fanya upekuzi. Utaona jina la mmiliki, utaona kama benki inamdai, utaona kama kuna zuio. Dalali atakwambia "hati ninayo hapa", anakupungia fotokopi. Mwache na fotokopi yake. Ila tusidanganyane, walalahoi wengi tunanunua penye viwanja visivyopimwa, na huko daftari lako ni majirani. Waulize mchana, waulize na jioni, muuzaji asiwepo.

Halafu andikeni. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinasema mkataba wa kuuza haki ya ardhi hauna nguvu mahakamani bila maandishi yaliyotiwa saini na yule unayemdai. Mke au mume wa muuzaji naye asaini, tena mbele yako. Karatasi ya ridhaa iliyoletwa mfukoni msiipokee.

Na huyu mwenyekiti? Sheria ya Ardhi haitaji asilimia kumi yake popote. Nilimfuata nikamuuliza: ulijua muuzaji ana mke? Akajibu, "Mimi nashuhudia tu." Anashuhudia nini, kama si fedha zinavyohesabiwa? Ulaji huo una risiti? Fundi hana hata kikaratasi kinachoonyesha aliulipa.

Kesi yake ipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Imeahirishwa mara nne, na kila siku ya kesi anafunga kibanda, hashoni kitu. Mara ya mwisho nilimsindikiza. Alikuwa na bahasha ya kaki, ndani mna karatasi moja yenye muhuri wa mtaa. Akaniuliza kama hiyo itatosha.